Kipimo cha kingamwili kwa watu waliochanjwa: kinaona nini, na kinakosa nini

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya mkoani Morogoro. Wahudumu wengi wa hapa walichanjwa dhidi ya UVIKO-19 mwaka 2021 na 2022. Wengine walipata Janssen, wengine Sinopharm, na wachache Pfizer. Tungependa kufanya utafiti mdogo wa kujua ni wangapi waliambukizwa baada ya kuchanjwa, kwa kutumia kipimo cha kingamwili, kwa kuwa wengi hawakupimwa walipougua. Mwenzetu wa maabara anasema tutapoteza vitendanishi bure, kwa sababu kila aliyechanjwa ataonekana chanya. Je, ni kweli?

Jibu: Ndugu msomaji, ahsante kwa swali hili, na hongereni kwa kuuliza kabla ya kununua vifaa. Mwenzenu wa maabara anasema kweli kuhusu aina moja ya kipimo, lakini maneno yake hayavihusu vipimo vyote. Kabla ya mtu yeyote kutolewa damu, ni lazima yajulikane mambo mawili: chanjo aliyopata iliuonyesha mwili wake sehemu gani ya kirusi, na kipimo mlicho nacho kinatafuta kingamwili, yaani protini za kinga ambazo mwili hutengeneza, dhidi ya sehemu gani. Sehemu hizo zikiwa ni moja, kipimo hakiwezi kutenganisha aliyechanjwa na aliyeambukizwa. Zikiwa tofauti, kinaweza. Ila uwezo huo ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani, na hapo ndipo hesabu za utafiti huharibika bila mtafiti mwenyewe kujua.

Kirusi cha UVIKO-19 kina protini nne zinazounda umbo lake, na mbili kati ya hizo ndizo zinazotuhusu. Ya kwanza ni ile ya miiba iliyo juu ya ganda, ambayo kirusi huitumia kushika seli na kuingia ndani yake. Maabara huiita protini S. Ya pili ni nukleokapsidi, au protini N, iliyo ndani ya kirusi, ambayo kazi yake ni kuvifungasha na kuvilinda vinasaba. Anayeambukizwa hukutana na kirusi kizima, kwa hiyo kwa kawaida mwili wake hutengeneza kingamwili dhidi ya protini zote mbili. Chanjo za Janssen, Pfizer, Moderna na AstraZeneca, kinyume chake, huupa mwili maelekezo ya kutengeneza protini S peke yake. Mtu aliyepata mojawapo ya chanjo hizo na ambaye hajawahi kuambukizwa atakuwa na kingamwili dhidi ya S, wala hatakuwa na sababu ya kuwa na kingamwili dhidi ya N.

Sinopharm ni habari nyingine kabisa. Hiyo ni chanjo ya kirusi kizima kilichokuzwa na kisha kuuawa kwa kemikali, kwa hiyo protini N imo ndani yake, na waliochanjwa kwa Sinopharm wanaweza kuwa na kingamwili za N bila kuambukizwa hata mara moja. Kwa kundi hilo, kipimo kimoja kilichofanywa mara moja hakiwezi kuwaambia lolote kuhusu maambukizi, kiwe cha S au cha N. Kumbe hatua ya kwanza ya utafiti wenu ni kukusanya kadi za chanjo, mhakikishe kila mtu alipata chanjo ipi na lini, na kuwatenga waliopata Sinopharm, pamoja na waliochanganya chanjo mbili za aina tofauti ikiwa mojawapo ni hiyo. Kumbukumbu ya mdomo haitoshi hapa, kwa maana watu wengi wanakumbuka kwamba walichanjwa lakini hawakumbuki jina la chanjo.

Historia ya Kenya inaonyesha vizuri jinsi kipimo kilekile kinavyobadilika thamani kadiri chanjo inavyoenea. Watafiti wa Kilifi, chini ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na mfuko wa Uingereza wa Wellcome Trust, walipima damu ya wachangiaji 3,098 iliyokusanywa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakitafuta kingamwili dhidi ya protini S. Baada ya kurekebisha hesabu kwa makosa ya kipimo na kwa umri, jinsia na makazi ya watu, walikadiria kwamba asilimia 4.3 ya watu walikuwa na kingamwili hizo, kiwango kikubwa mno kuliko idadi ya wagonjwa waliokuwa wametangazwa wakati huo. Walipopima tena wachangiaji wa Januari hadi Machi 2021, kiwango kilikuwa kimefika asilimia 48.5. Takwimu hizo zilikuwa na nguvu kwa sababu chanjo zilikuwa hazijaanza kutolewa, au ndiyo kwanza zilikuwa zikianza. Kila kingamwili ya S iliyoonekana ilikuwa na maelezo mamoja tu, yaani maambukizi. Ukikipeleka kipimo kilekile leo katika kituo chenu, ambako karibu kila mtumishi amechanjwa, majibu yatakuwa chanya kila mahali na hutajifunza chochote. Hicho ndicho mwenzenu wa maabara anachokiogopa, na ana haki ya kukiogopa.

Kanuni ya kutafuta kile ambacho chanjo haina haikuanza na UVIKO-19. Mfano ulio safi kuliko yote ni homa ya ini aina ya B, na wewe kama mhudumu wa afya unakuhusu moja kwa moja. Chanjo ya ugonjwa huo ina antijeni ya juu ya kirusi (sehemu ya ganda lake inayoamsha kinga) peke yake, inayotengenezwa kwa kutumia hamira. Aliyechanjwa akaitikia vizuri atakuwa na kingamwili dhidi ya antijeni hiyo, inayoandikwa anti-HBs, na kiwango cha mIU 10 (sehemu za elfu za uniti ya kimataifa) kwa mililita au zaidi huhesabiwa kuwa kinga. Kingamwili dhidi ya sehemu ya kiini cha kirusi, inayoandikwa anti-HBc, haitokani na chanjo kamwe; ikionekana kwa mtu mzima, maana yake ni kwamba aliwahi kukutana na kirusi chenyewe. Kwa hiyo mtumishi mwenye anti-HBs chanya na anti-HBc hasi analindwa na chanjo, mwenye zote mbili chanya huku antijeni yenyewe ikiwa hasi aliambukizwa akapona, na mwenye antijeni chanya ana maambukizi sasa hivi na anahitaji kufuatiliwa, awe amechanjwa au hajachanjwa. Kuna tahadhari mbili ndogo. Antijeni ya chanjo yenyewe inaweza kuonekana katika damu kwa siku kadhaa baada ya sindano, na mtoto mchanga anaweza kuwa na anti-HBc ya mama yake, ambayo huweza kudumu hadi miaka miwili.

Surua haitupi nafasi hiyo. Chanjo yake ni kirusi hai kilichodhoofishwa, chenye protini zilezile za kirusi cha porini, kwa hiyo mtoto mwenye upele aliyechanjwa wiki chache zilizopita anaweza kuwa na kingamwili za IgM, zile ambazo mwili huzitengeneza mwanzoni, kutokana na chanjo tu. Hapo kinachoamua ni uchunguzi wa vinasaba, unaoweza kuonyesha kama kirusi ni cha chanjo au ni kile kinachosambaa.

Wataalamu wa mifugo ndio waliolikabili tatizo hili kwa kiwango cha nchi nzima kabla yetu, na ninasikitika kwamba sisi wa tiba ya binadamu hatusomi maandishi yao vya kutosha. Chanjo ya sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe, iliyowakomboa wafugaji wa Afrika ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake Muguga, nchini Kenya, kutokana na aina ya kirusi iliyoitwa Kabete O, waliyoipitisha mara nyingi katika seli za figo za ndama hadi ikadhoofika. Ilikuwa chanjo bora sana, lakini ng'ombe aliyechanjwa na ng'ombe aliyeugua akapona walikuwa na kingamwili zisizotofautiana. Matokeo yake ni kwamba kadiri nchi ilivyochanja vizuri, ndivyo ilivyozidi kushindwa kuthibitisha kwamba ugonjwa umekwisha. Njia pekee ilikuwa kuacha kuchanja, uamuzi uliohitaji ujasiri mkubwa, kisha kupima wanyama waliozaliwa baada ya chanjo kusimama. Kingamwili yoyote kwa mnyama wa namna hiyo, baada ya zile za mama yake kwisha, ilikuwa ishara kwamba kirusi bado kinatembea. Kirusi cha sotoka kilionekana kwa mara ya mwisho mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Taifa ya Meru nchini Kenya, na dunia ikatangazwa kuwa huru mwaka 2011.

Kwa homa ya miguu na midomo, hali ni karibu zaidi na yenu. Chanjo nzuri za ugonjwa huo hutengenezwa kwa kirusi kilichouawa na kusafishwa mpaka zibaki protini za ganda lake tu. Kipimo hutafuta kingamwili dhidi ya protini ambazo kirusi huzitengeneza pale tu kinapozaliana ndani ya seli za mnyama. Ng'ombe aliyechanjwa asiyeambukizwa anatarajiwa kuwa hasi. Lakini madaktari wa mifugo waligundua mambo mawili. Chanjo isiyosafishwa vizuri, ikirudiwa mara nyingi, hujenga kingamwili hizo na kuleta majibu chanya ya uongo. Na ng'ombe aliyechanjwa, akiambukizwa baadaye, huweza kuzitengeneza kwa kiasi kidogo mno au asizitengeneze kabisa, kwa sababu kinga aliyo nayo haikiachi kirusi kizaliane sana. Kwa ajili hiyo walikubaliana kwamba kipimo hiki husomwa kwa kundi zima, wala si kwa ng'ombe mmoja mmoja.

Jambo hilo la pili ndilo hasa ninalotaka mlizingatie, kwa maana limethibitishwa kwa binadamu pia. Katika jaribio kubwa la chanjo ya Moderna nchini Marekani, lililokuwa na watu zaidi ya 30,000, watafiti waliwachukua washiriki ambao maambukizi yao yalithibitishwa kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, wakatazama ni wangapi baadaye walipata kingamwili dhidi ya protini N. Kati ya waliopewa sindano isiyo na dawa, asilimia 93 walizipata. Kati ya waliopewa chanjo, ni asilimia 40 tu. Watu hawa wote waliambukizwa. Hakuna shaka juu ya hilo. Tofauti ni kwamba kwa waliochanjwa zaidi ya nusu hawakuacha nyayo ambazo kipimo kingeziona. Aidha, kadiri mtu alivyokuwa na virusi vingi alipogunduliwa, ndivyo uwezekano wa kupata kingamwili za N ulivyoongezeka. Hilo linapatana na maelezo yanayokubalika: kinga ya chanjo hukikamata kirusi mapema, kinazaliana kidogo, na mwili hauoni protini N ya kutosha kuuamsha.

Sasa tuone jambo hili linafanya nini katika hesabu. Chukua watu 1,000 waliochanjwa na 1,000 wasiochanjwa, na tuseme kwamba katika kila kundi watu 300 waliambukizwa, yaani chanjo haikupunguza maambukizi hata kidogo. Tuseme pia kwamba kipimo cha N kina umahususi wa asilimia 98, maana yake kati ya watu 100 wasioambukizwa wawili wataonekana chanya kimakosa. Kwa wasiochanjwa, kipimo kitawanasa 279 kati ya 300, na kuongeza 14 wa uongo kutoka kwa wale 700 waliobaki. Jumla ni 293. Kwa waliochanjwa, kitawanasa 120 tu, na kuongeza 14 wa uongo. Jumla ni 134. Mtafiti asiyejua atatangaza kwamba chanjo imepunguza maambukizi kwa zaidi ya nusu, ilhali katika mfano wetu haikupunguza chochote. Ninaamini kabisa faida ya chanjo hizi katika kuzuia ugonjwa mkali na vifo, na ndiyo maana sipendi itetewe kwa hesabu mbovu.

Marekebisho yake si magumu. Chukua kiwango cha majibu chanya kilichoonekana, toa kiwango cha chanya za uongo, kisha gawanya kwa jumla ya unyeti (sehemu ya walioambukizwa ambao kipimo huwanasa) na umahususi ukiondoa moja. Kwa wasiochanjwa itakuwa 0.273 kugawanya kwa 0.91, unapata 0.30. Kwa waliochanjwa ni 0.114 kugawanya kwa 0.38, unapata 0.30 vilevile. Ukweli umerudi. Lakini umerudi kwa sababu tu tulitumia unyeti wa asilimia 40 kwa kundi lililochanjwa. Tungetumia ule wa 93 kwa wote, tungepata asilimia 12.5 na kuendelea kudanganyika. Kwa hiyo unyeti ulioandikwa kwenye karatasi ya kipimo, ambao mara nyingi ulipatikana kwa kuwapima wagonjwa wasiochanjwa, na mara nyingine waliolazwa, haufai kwa watumishi wenu. Hata ile asilimia 40 ni ya chanjo moja na ya aina za kirusi zilizokuwepo wakati wa jaribio; msiibebe kama namba ya kudumu.

Jambo hilihili lilizua upotoshaji Uingereza mwaka 2021. Wakala wa usalama wa afya wa nchi hiyo uliandika katika ripoti yake kwamba viwango vya kingamwili za N vilionekana kuwa chini kwa watu walioambukizwa baada ya dozi mbili za chanjo. Sentensi hiyo ikasambazwa mitandaoni kuwa ni ushahidi kwamba chanjo huharibu kinga ya mwili. Haikusema hivyo. Ilieleza kwamba kipimo fulani huona kidogo kwa watu ambao mwili wao umekidhibiti kirusi mapema.

Turudi kwenye utafiti wenu, kwa kuwa bado kuna kikwazo ambacho hata kipimo bora cha N hakikiondoi. Mnataka kujua walioambukizwa baada ya kuchanjwa. Chanjo za kwanza za Janssen ziliingia Tanzania mwishoni mwa Julai 2021, baada ya kirusi kuwa kimekwisha kusambaa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na wahudumu wa afya walikuwa mstari wa mbele. Kingamwili ya N haina tarehe. Ikionekana leo, haiwezi kueleza kama iliachwa kabla ya sindano au baada yake. Isitoshe hupungua kadiri muda unavyopita, na kasi yake hutegemea kipimo: vipimo vya kampuni ya Abbott, vinavyopima kingamwili za aina ya IgG tu, vilionyesha kushuka mapema, ilhali cha kampuni ya Roche, kinachopima jumla ya kingamwili, kilibaki chanya kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mtu hasi leo huenda aliambukizwa mwaka 2022 bila ninyi kuweza kujua.

Ushauri wangu ni kwamba mbadilishe swali. Msiulize yaliyopita, isipokuwa kama kituo kina seramu (majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake) za watumishi zilizogandishwa kabla ya chanjo, nazo zilitunzwa kwa idhini yao. Ulizeni yanayokuja: chukueni sampuli ya kwanza sasa, nyingine baada ya miezi mitatu au minne, na nyingine tena baada ya muda kama huo, kisha mtazame ni nani aliyetoka hasi kwenda chanya kwa N, au aliyepanda mara nne au zaidi. Kwa mpango huo hata kipimo cha S kinapata kazi upya, maana kingamwili za S zikipanda ghafla kwa mtu ambaye hakupata dozi yoyote katikati, sababu inayoelekea zaidi ni maambukizi. Hata waliopata Sinopharm wanaweza kuingizwa, kwa vile sasa mnatafuta mabadiliko badala ya uwepo tu. Sampuli zote za mtu mmoja zipimwe siku moja, kwa kundi moja la vitendanishi, ili tofauti mnayoiona iwe ya damu na si ya mashine. Na katika kipindi chote hicho, mtumishi yeyote mwenye mafua, kikohozi au homa apimwe kwa kipimo cha haraka cha antijeni au PCR. Hao mtakaowathibitisha kwa njia hiyo ndio watakaowapa unyeti halisi wa kipimo chenu katika watu wenu, namba ambayo hakuna karatasi ya kiwanda itakayowapa.

Umahususi nao uthibitishwe hapahapa nchini. Sampuli za damu zilizochukuliwa Tanzania na Zambia kabla ya janga, zilipopimwa pamoja na za Marekani, zilionyesha mwitikio mkubwa zaidi dhidi ya kirusi hiki, hasa dhidi ya protini N, kwa watu ambao hawangeweza kuwa wamekutana nacho. Inaelekea ni kwa sababu ya virusi vingine vya jamii hiyohiyo vinavyoleta mafua ya kawaida. Watafiti wa Kilifi walilijua tatizo hilo na wakakijaribu kipimo chao kwa damu ya zamani ya watu wa pwani kabla ya kukitumia. Ninyi mtafuteni mshirika mwenye seramu za kabla ya Desemba 2019, katika chuo kikuu au taasisi ya utafiti, na kibali cha utafiti kiombwe kwa utaratibu wa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kabla ya mtu wa kwanza kutolewa damu.

Kuhusu majibu ya mtu mmoja mmoja, nawasihi mkubaliane mapema kwamba hayatatumika kumwambia mtumishi kuwa ana kinga au hana, wala kumpangia zamu. Majibu hasi ya N kwa aliyechanjwa hayathibitishi kwamba hakuambukizwa, na majibu chanya hayamwambii ni lini. Wale waliojitolea katika majaribio ya chanjo ya Virusi vya UKIMWI jijini Dar es Salaam wanaifahamu hali ya kubeba kingamwili zisizotokana na maambukizi: baadhi ya washiriki wa majaribio ya aina hiyo huweza kuonekana chanya kwenye kipimo cha haraka ilhali hawana virusi, na kwao uamuzi hufanywa kwa kutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe.

Mwombeni mwenzenu wa maabara aisome karatasi iliyo ndani ya boksi la kipimo kabla hamjalipia. Itafuteni sehemu inayotaja antijeni iliyotumika: ikisema S, au sehemu ya S inayoshika seli, hicho si cha kazi hii mkipima mara moja, ikisema N, endeleeni kusoma muone ni watu gani waliopimwa kupata unyeti wake na kama walikuwa wamechanjwa. Ikiwa karatasi haitaji antijeni kabisa, au inataja S na N kwa pamoja bila kuonyesha jibu la kila moja peke yake, msikinunue.